Sheria ya 2017 ilisema kesi za rasilimali ziishie hapa hapa nchini, ilikuwaje tukalipa dola milioni 90 za Ntaka Hill?

Mtoto wa Nachingwea:

Wakuu habari za jioni. Naomba kueleweshwa jambo linanisumbua muda sasa. Mi kwetu Nachingwea, kile kilima cha Ntaka chenye nikeli tumekisikia toka tukiwa wadogo, kaka yangu mkubwa aliwahi kufanya kibarua kule kambini, kazi yake kubeba masanduku ya mawe wanayotoa wakishachoronga, baadae kazi ikasimama watu wakarudi kwenye korosho zao. Halafu tukasikia leseni imefutwa, tukasema sawa, serikali imechukua kilicho chake. Sasa Julai 2023 ICSID, kile kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji kule Washington, wakatoa tuzo, yaani uamuzi wa wasuluhishi, kwamba Tanzania ilipe dola milioni 109.5, na Julai 2024 serikali ikakubaliana na kampuni ilipe milioni 90 kwa awamu. Hizo ni zaidi ya bilioni 230 za kwetu kwa kiwango cha wakati ule. Nachingwea barabara zetu mnazijua.

Kinachonichanganya ni hiki. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha kwa hati ya dharura ile Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili, na kifungu cha 11 kinasema wazi kabisa mamlaka ya nchi juu ya maliasili hayapelekwi kwenye mahakama wala baraza lolote la nje, migogoro iamuliwe na vyombo vya hapa. Nilikuwa chuo wakati ule, tulishangilia kweli kweli. Kwahiyo ile sheria haina kazi? Na kingine, kampuni yenyewe tunaambiwa ni ya Australia, mbona kwenye taarifa zote za kesi naona Uingereza Uingereza?

Naomba majibu ya mtu anayejua, sio siasa.

Wakili wa Mbezi:

Mkuu swali lako ni zuri na mawakili wengi wachanga wanateleza hapo hapo. Sheria ya Bunge inatufunga sisi wa ndani ya nyumba. Ila Tanzania na Uingereza zilishasaini mkataba wa kulinda uwekezaji mwaka 1994, na ndani ya mkataba ule nchi yetu ilishakubali tangu siku hiyo kwamba mwekezaji wa Uingereza akiona kadhulumiwa anaweza kwenda ICSID moja kwa moja, hahitaji tena kuja kutuomba ruhusa, ridhaa tulishaitoa. Sasa huwezi kuahidi kwa jirani halafu ukarudi nyumbani ukatunga sheria na wanao ya kufuta ahadi ile, jirani hayumo kwenye kikao chenu. Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba, kifungu cha 27, unasema hivyo hivyo, nchi haiwezi kutumia sheria yake ya ndani kama sababu ya kutotimiza mkataba. Kwahiyo kifungu cha 11 kina kazi kwa mikataba mipya ya madini inayosainiwa hapa na kwa wawekezaji wasio na mkataba wa kimataifa nyuma yao, lakini kwa hawa wa 1994 hakifiki.

Kuhusu Australia. Sisi na Australia hatuna mkataba wa namna hiyo. Kampuni kubwa ipo kwenye soko la hisa la Australia ni kweli, ila mradi wa Ntaka Hill ulishikiliwa kupitia kampuni zilizosajiliwa Uingereza, na hizo ndizo zilizofungua kesi. Ukifungua kampuni ya karatasi sehemu yenye mkataba unapata mwavuli, na mikataba ya zamani iliandikwa kwa ulegevu kiasi kwamba kusajiliwa tu kunatosha.

Sasa nikuambie kinachoniuma mimi, na hapa najua wengine mtanikasirikia. Tatizo halikuwa serikali kutaka kufuta leseni hodhi, aina ile waliyokuwa nayo Ntaka, nchi yoyote ina haki ya kubadili sera yake ya madini. Tatizo ni ilivyofanyika. Julai 2017 marekebisho ya Sheria ya Madini yaliondoa aina ile ya leseni, Januari 2018 zikaja kanuni zikasema leseni hodhi zote zilizopo zimefutwa na haki zimerudi serikalini, basi, hakuna muda wa mpito wala nafasi ya kuomba aina nyingine ya leseni kwa utaratibu ulionyooka, na fidia haikutajwa popote. Desemba 2019 Tume ya Madini ikatangaza zabuni ya maeneo yale yale kwa watu wengine. Mbele ya wasuluhishi hilo linaitwa utaifishaji bila fidia, na hata ungeniajiri mimi kuitetea ningetafuta pa kusimama nisipaone. Hapo tulijifunga wenyewe.

Na sio Ntaka Hill peke yake. Winshear ya Canada na mradi wake wa dhahabu kule kusini magharibi tumemalizana nao Oktoba 2023 kwa milioni 30. Montero, ile ya madini adimu ya Wigu Hill Morogoro, Novemba 2024 kwa milioni 27. Jumlisha na 90, ni dola milioni 147 kwa kanuni moja ambayo naamini iliandikwa kwa haraka.

Jembe la Geita:

Wakili nakuheshimu sana ila hapa umesimama upande mmoja. Tuanze na leseni hodhi yenyewe ni nini, watu wajue. Hiyo unapewa ukishagundua madini halafu ukasema siwezi kuchimba sasa hivi, soko baya, au teknolojia bado. Yani unakalia kilima. Bei ya nikeli ikishuka duniani unasubiri na sisi tunasubiri na wewe, kijana wa Nachingwea anazeeka anasubiri. Pale Ntaka hakuna mgodi uliojengwa, hakuna mtaro wa mgodi, hakuna kiwanda, ni mashimo ya kuchoronga na ripoti za wajiolojia, leo tunalipia milioni 90 kitu ambacho hakijawahi kuzalisha hata kilo moja ya kuuza!

Halafu nani anaamua? Watu watatu. Mmoja anachaguliwa na kampuni, mmoja na serikali, wa tatu ndio mwenyekiti, na wengi wao leo ni wasuluhishi kesho ni mawakili wa makampuni kwenye kesi nyingine, wanavaa kofia mbili, hili linalalamikiwa duniani kote na ndio maana Umoja wa Mataifa kupitia UNCITRAL, tume yake ya sheria za biashara ya kimataifa, wana kikundi kazi toka 2017 kinahangaika kurekebisha. Hakuna rufaa. Unaweza kuomba tuzo itenguliwe tu kwa sababu chache sana za utaratibu, hata kama wamekosea sheria kabisa inabaki hivyo. Na kesi yenyewe ya Ntaka ililipiwa gharama na kampuni ya kufadhili kesi, mtu asiyejua hata Lindi iko wapi anaweka pesa yake kwenye kesi dhidi yetu kama anavyoweka kwenye hisa, tukishindwa anakula fungu lake.

Mwekezaji anaweza kuishtaki nchi. Nchi au kijiji hakiwezi kumshtaki mwekezaji pale pale kwa maji aliyochafua. Hiyo ni haki gani jamani. Na msisahau makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa unasafirishwa nje. Machi 2017 tulizuia makontena, tukapeleka madai ya kodi ya dola bilioni 190, mawakili wakasema tutafilisiwa, Acacia wenye migodi nao wakakimbilia usuluhishi, mwisho wake Barrick, wenye hisa nyingi ndani ya Acacia, walikuja mezani, kikatoka kile kishika uchumba cha milioni 300, na Januari 2020 tukasaini tukapata Twiga, kampuni ya ubia na Barrick, na asilimia 16 yetu. Bila kukaza tungepata nini?

Wakili wa Mbezi:

Mkuu wa Geita, kuhusu kofia mbili, wafadhili wa kesi na kutokuwa na rufaa sikupingi hata neno moja, nimeona mwenyewe. Na kuhusu kijiji kutokuwa na mlango wa kuingilia, hilo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Ila angalia mfano wako wa makinikia. Kilicholeta asilimia 16 ni kukaa mezani miaka miwili na nusu. Hawa wadogo wa leseni hodhi ndio hatukukaa nao kabla, tukakaa nao baada ya kushtakiwa, riba ikiwa inatembea toka 2018. Kwenye tuzo ya Ntaka riba nayo imo ndani.

Bi Mwanasha, Kwale:

Salaam alaikum wanabaraza. Naingia kama jirani, mimi ni wa Kwale kusini, Kenya, na sisi tulikuwa na letu lafanana na hili sana ila mwisho wake ulikuwa mwengine, nadhani lafaa kusemwa hapa.

Mlima wa Mrima sisi Wadigo kwetu ni kaya, msitu wa wazee, watu huingia kwa adabu. Chini yake kuna niobiamu na madini adimu mengi. Kampuni ya Cortec ilipewa leseni maalum ya kuchimba Machi 2013, wiki ile ile ya uchaguzi mkuu, na Agosti mwaka huo huo waziri akaifuta. Kampuni ikaenda mahakama kuu Nairobi ikashindwa, ikaenda ICSID kwa mkataba wetu na Uingereza, vile vile kama hii yenu, ikidai zaidi ya dola bilioni mbili. Sisi huku twasema bwana, Kenya nzima itauzwa.

Oktoba 2018 wasuluhishi wakaamua Kenya hailipi chochote. Sababu? Kampuni haikufanya tathmini ya athari za mazingira iliyokubaliwa na NEMA, mamlaka yetu ya mazingira, na mahali penyewe ni msitu wa hifadhi na pia eneo la kumbukumbu ya taifa, ruhusa zatakikana na hawakuwa nazo. Wakasema leseni iliyotolewa kinyume cha sheria ya nchi si uwekezaji wa kulindwa, haikuwa na uhai toka mwanzo. Wakaomba tuzo itenguliwe, 2021 wakakataliwa.

Kwa hivyo ndugu yangu wa Geita, yale mabaraza si kwamba kila siku yampa mgeni. Kenya ilishinda kwa sababu ilikuwa na sheria ya mazingira imeandikwa kabla, na ikamuuliza mwekezaji, je umeifuata? Leseni ya Mrima haikufutwa kwa sababu sera imebadilika, ilifutwa kwa sababu ilipatikana vibaya. Hilo mawakili wa serikali waliling'ang'ania mpaka mwisho. Mimi nawaombea dua hadi leo.

Mzee wa Magomeni:

Wanangu, mimi nimefanya kazi za maji hapa Dar miaka mingi kabla ya kustaafu, niwakumbushe ya City Water, kampuni iliyopewa kusambaza maji hapa, kwa sababu naona vijana mnadhani mambo haya yalianza 2017.

Mkataba ulianza 2003, Biwater Gauff wa Uingereza na Ujerumani wakiwa na mbia wa hapa hapa, wakapewa maji ya Dar es Salaam. Haukwenda. Mei 2005 serikali ikavunja, tarehe 1 Juni viongozi wao wakakamatwa na kusafirishwa nje ya nchi usiku ule ule. Watu mitaani walifurahi, mimi pia nilifurahi, mabomba ya Magomeni yalikuwa makavu. Wakatushtaki ICSID. 2008 baraza likasema Tanzania imevunja mkataba wa Uingereza, yaani jinsi tulivyowatoa ilikuwa makosa, lakini fidia sifuri. Sifuri kabisa. Kwa sababu kampuni ilikuwa imeshakufa kibiashara kabla hatujaigusa, hasara haikutokana na sisi.

Na wewe wa Geita uliyesema wananchi hawana pa kuingilia, kesi ile ndiyo ilifungua mlango kidogo. LEAT wale wanasheria wa mazingira, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TGNP wa masuala ya jinsia waliomba waruhusiwe kuwasilisha hoja zao kwa maandishi kuhusu haki ya maji, na 2007 wakakubaliwa. Hawakuruhusiwa kukaa ndani ya chumba wala kuona nyaraka, lakini karatasi yao ilisomwa. Ntaka Hill sijasikia mtu wa Nachingwea akiulizwa.

Mtoto wa Nachingwea:

Mzee wangu shikamoo, na dada wa Kwale asante sana, nimesoma mara mbili mbili. Kweli hakuna aliyekuja kutuuliza, hata diwani alisikia redioni.

Swali la mwisho kwa wakili. Kwanini tusijitoe tu kwenye hii mikataba? Tuifute yote, mtu akija aje kwa sheria zetu.

Wakili wa Mbezi:

Inawezekana na tulianza. Ule wa Uholanzi, ambao makampuni mengi yaliupenda kwa sababu kufungua kampuni Amsterdam ni rahisi, tulitoa notisi 2018 na ukafa tarehe 1 Aprili 2019. Lakini mikataba hii ina kipengele cha mkia, ukishakufa unaendelea kuwalinda waliokuwepo kwa miaka mingine, wa Uholanzi ni miaka 15. Maana yake aliyewekeza 2018 anaweza kutushtaki mpaka 2034. Afrika Kusini walianza kufuta yao 2012 wakatunga sheria ya ndani badala yake, India walifuta kwa wingi, Honduras 2024 wakajitoa ICSID kabisa huku wana kesi ya mabilioni mezani na kesi haikufa.

Mimi ningependa tuiandike upya mmoja mmoja. Kampuni ya karatasi isipate ulinzi, mwekezaji aanze na mahakama zetu kwa muda fulani kabla ya kwenda nje, na wajibu wake kwa mazingira na kijiji uandikwe humo humo ili nchi nayo iweze kudai. Itifaki ya uwekezaji ya AfCFTA, lile Eneo Huru la Biashara la Afrika, ya Februari 2023 imeweka wajibu wa wawekezaji kwa uzito, ila suala la mwekezaji kuishtaki nchi waliliacha kwa kiambatisho cha kujadiliwa baadae, na hapo ndipo wanasheria wetu wanatakiwa wakae macho kuliko popote. Na kabla waziri yeyote hajasaini kanuni ya kufuta leseni, faili lipite kwanza Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, mtu akae na orodha ya mikataba yote aulize huyu anayefutiwa kasajiliwa wapi.

Jembe la Geita:

Hapo kwenye kuandika upya nakuunga mkono asilimia mia. Bado nasema milioni 90 ni nyingi kwa mashimo ya kuchoronga, lakini hiyo ya orodha ingetuokoa.

Mtoto wa Nachingwea:

Jumamosi naenda nyumbani, nitamsomea kaka yote haya. Namjua, hataniuliza habari za Washington. Ataniuliza kilima sasa hivi kiko mikononi mwa nani na vibarua vinafunguliwa lini. Kama kuna mtu wa Tume ya Madini anasoma hapa, au yeyote wa Lindi mwenye taarifa, naomba anijibu kabla ya Jumamosi.