Mjadala: Kijeba akibainika, aadhibiwe mtoto au aliyempeleka uwanjani?

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na sekondari Tanzania, ukifika, kilio ni kilekile: vijeba (waliozidi umri) na mamluki (wasio wanafunzi wa shule wanayoichezea). Mchezaji ameshaanza kunyoa ndevu, anakabwa na mtoto wa darasa la sita. Straika wa timu ya mtaani anaonekana na jezi ya shule ambayo hajawahi kukaa kwenye dawati lake. Rufaa inakatwa, kikao kinakaa hadi usiku, na mara nyingi kinaamua kumtoa kijana kambini na kumpandisha basi arudi kwao. Aliyejaza fomu yake anabaki palepale, asubuhi anapanga kikosi kingine.

Swali langu: adhabu ya umri wa uongo imwangukie nani? Mimi nasema impate mtu mzima aliyesaini, na afungiwe kusimamia timu kwa miaka kadhaa. Kijana aondolewe kwenye mashindano hayo, ila asifungiwe kucheza mpira.

Sisemi kosa ni dogo. Anayeumia wa kwanza ni yule mwenye miaka 13 kweli, ambaye namba yake imechukuliwa. Akipangwa, anagongana na mtu aliyemaliza kukua, anaweza kuvunjika. Asipopangwa, anakaa benchi mashindano yote, na watu wa kusaka vipaji wanaondoka bila kumwona hata dakika moja. Wengi wanaacha mpira hapo hapo.

Kitaifa tumeshaonja pande zote mbili. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilizofanyika Gambia, wakaenguliwa kwa mchezaji aliyezidi umri. Kwenye kufuzu fainali za 2017 Kongo Brazzaville ilituondoa uwanjani, lakini haikumpeleka mchezaji wake Langesse Bardet kwenye kipimo cha umri, ikaenguliwa, sisi tukaenda Gabon. Pale tulitoka sare na Mali, tukaifunga Angola 2-1, tukafungwa 1-0 na Niger.

Najua wengi mtasema "tuleteeni MRI", ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kwa hiyo tukitazame kipimo chenyewe. FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009 huko Nigeria. Inapigwa picha ya kifundo cha mkono, daktari anaangalia mwisho wa mfupa ulio upande wa dole gumba, pale panapokuwa na gegedu la ukuaji. Kadiri kijana anavyokomaa, gegedu hilo hugeuka mfupa na mstari wake kwenye picha unafutika. Kuna madaraja sita. Aliyefika la sita, yaani mfupa umeshikana kabisa, karibu kwa hakika ameshavuka miaka 17. Lakini yupo wa miaka 18 au 19 ambaye mfupa wake haujashikana, naye atapita bila tatizo. Kwa wasichana hakitumiki, kwa sababu mifupa yao hukomaa mapema zaidi. Na kwa mtoto wa darasa la saba anayetakiwa kuwa na miaka 13 hakisaidii kitu, kwani hata mwenye 16 ataonekana bado anakua. Hapo sijagusa gharama, wala kwamba mashine hizo ziko kwenye hospitali kubwa tu.

Kwa ngazi ya shule tunabaki na karatasi. Na karatasi zina nguvu zikifuatiliwa. Fainali za 2019 zilipochezwa hapa Dar es Salaam, Guinea ilifika mchezo wa mwisho, kisha ikapoteza nafasi ya Kombe la Dunia nchini Brazil. Wachezaji wake wawili walikuwa wameshacheza mashindano Japani wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Senegal ikaenda badala yao.

Karibuni.

Mwalimu wa michezo, Kanda ya Ziwa:
Mkuu, hapa unatuonea. Mzazi ananiletea cheti cha kuzaliwa chenye muhuri wa serikali. Mimi nitamwambia nini, kwamba sura yake inamkataa? Aliyekwenda kula kiapo ni mzazi. Na hao wanaotaka kombe si mimi peke yangu. Timu ikitolewa mapema, naulizwa kwenye kikao mbele ya wenzangu. Ukinifungia mimi ukamwacha aliyenishinikiza, hujagusa tatizo.

Mzazi, Morogoro:
Mimi nipo tofauti na mleta mada. Kijana wa miaka 18 anayejiita wa 15 anajua anachofanya. Mwanangu alibaki nyumbani mwaka juzi, nafasi yake ikaenda kwa mtu ambaye mtaani kwetu alikuwa amenunua pikipiki anafanya kazi ya bodaboda. Ukimwachia, atatembea na umri wa mpira mpaka anastaafu. Afungiwe naye.

Mdau, Mombasa:
Kwetu kuna njia nyingine tena. Kijana ameshamaliza shule, anaandikishwa upya sekondari kwa ahadi ya kulipiwa karo. Anaingia darasani kweli, jina liko kwenye rejista. Karatasi zote sawa, na bado mashindano yameharibika.

Mleta mada:
Mwalimu, nakubaliana nawe kwa nusu. Kama cheti ni halali na hukuwa na sababu ya kukishuku, usiadhibiwe. Ila kumbukumbu za shule unazo wewe. Mwanafunzi ana namba ya PREM, yaani ya usajili wake, inayomfuata akihama. Kijana aliyetokea wiki mbili kabla ya mashindano, hana historia ya darasa lolote, ukamsainia, hapo huwezi kusema umedanganywa. Na ukisukumwa na aliye juu yako, saini yake iwepo pia kwenye fomu, ili rufaa ikija iwakute wote wawili.

Mzazi wa Morogoro, pole kwa mwanao. Kwa mtu mzima mwenye kazi yake anayevaa jezi ya shule, sina hoja ya kumtetea, afungiwe. Ninayemtetea ni huyu: ameanza darasa la kwanza akiwa na miaka 10 kwa sababu alikuwa anachunga, au shule ilikuwa mbali, au nyumbani waliona bado. Michango ya shule ilipofutwa mwaka 2016 wengi wa namna hiyo waliingia shule. Mtoto wa namna hiyo akifika darasa la saba ana miaka 16, ni mwanafunzi halali na hajadanganya mtu. Tukimwambia umri umezidi, ni sahihi, kwa usalama wa wadogo. Lakini anaenda kucheza wapi? Shuleni hana mashindano mengine, na mwalimu anamwona ana kipaji, basi kishawishi cha kubadilisha tarehe kinaanzia hapo.

Mdau wa Mombasa, kwa hao wanaorudishwa kidato naona kikomo kiwe miaka ya kucheza: ukishashiriki michezo ya sekondari misimu minne, basi, hata ukirudia darasa.

Kwa huyu wa miaka 16, pendekezo langu ni kundi la pili kwenye ngazi ya kata na wilaya, la umri wa juu, hata kama halina safari ya taifa. Walimu mnaojua ratiba na bajeti za halmashauri: linawezekana, au linakwama wapi?