Video ya mhadhara MB 900, darasa la watu 180: tugawane vipi bila kumaliza bando?

CR_mwaka2

Habari zenu wakuu. Mhadhiri wetu wa takwimu anarekodi skrini ya kompyuta yake, yaani slaidi na sauti, kisha anaweka Google Drive. Kipindi cha dakika 100 kinafika MB 900. Darasa ni watu 180, wengi wana simu za GB 32 na bando la wiki, na Wi-Fi ya chuo inashika maktaba tu. Kwenye grupu la WhatsApp wakituma video, maandishi ya slaidi yanafika hayasomeki. Flashi nazo zinarudi na virusi vya shotikati. Naomba msaada: inabanwaje bila fomula kupotea, inagawiwaje, na madesa (noti na vifaa vya kujisomea) yawekwe wapi ili yapatikane mpaka UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula?

fundi_wa_faili

Uzito huo unatokana na fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Programu ya kurekodi hunasa fremu 30 kila sekunde wakati slaidi moja inaweza kukaa dakika nne bila kitu kusogea. Mwombe mtu mwenye laptopu aweke ffmpeg, programu ya kubana video kwa kuandika amri, ni ya bure. Kwenye Android unaipata ndani ya Termux (programu ya kuandikia amri kwenye simu), ila simu itachemka na kazi itachukua muda mrefu.

ffmpeg -i mhadhara.mp4 -vf "scale=-2:720,fps=5" -c:v libx264 -preset slow -crf 30 -g 50 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -ac 1 -b:a 40k -movflags +faststart mhadhara_dogo.mp4

Usinakili tu, elewa kila kipande kinafanya nini. Fremu 5 kwa sekunde zinatosha slaidi. Kimo cha 720 msikishushe hadi 480, maana hapo ndipo vipeo na herufi ndogo za chini zinapogeuka madoa. Kwenye crf, yaani kipimo cha ubora, namba ikipanda faili hupungua na ubora pia. Anza na 30, ukiona ukungu pembeni mwa herufi rudi 27. Jaribu dakika moja kwanza kwa kuongeza -t 60 kabla ya jina la faili la mwisho, usisubiri saa nzima ndipo ugundue haifai.

Watu wengi huiacha -g 50, halafu wanalalamika. Bila hiyo, fremu kamili inaweza kuja baada ya fremu 250, na kwa mwendo wa fremu 5 hizo ni sekunde 50. Mwanafunzi akisogeza mbele kutafuta mfano wa pili, video inaganda au inaruka. Nayo yuv420p ni kwa ajili ya simu za bei ndogo: baadhi ya rekodi za skrini hutumia mpangilio wa rangi ambao simu hizo hazifungui, ukabaki na sauti na giza.

Sauti ya kilobiti 40 kwa dakika 100 ni MB 30. Ukijumlisha picha, kwa slaidi za maandishi mara nyingi mtabaki chini ya MB 100.

Ila niseme wazi: kama mhadhiri anasoma slaidi tu, hiyo video haina kazi. Toeni sauti peke yake:

ffmpeg -i mhadhara.mp4 -vn -c:a aac -ac 1 -b:a 32k mhadhara.m4a

Hiyo ni MB 24 kwa dakika 100, mkiambatanisha na PDF ya slaidi mmemaliza. Mwombeni kitu kimoja tu: kila anapohama aseme "slaidi ya 12", "slaidi ya 13". Asiposema, msikilizaji anapotea dakika ya kumi.

Kwa anayeandika ubaoni mbele ya kamera, habari ni nyingine. Mkono unasogea na picha ya kamera ina chembechembe, kwa hiyo weka fps=12, crf 28, na utangulize kichujio cha hqdn3d ndani ya -vf ili chembechembe zipungue kabla ya kubana. Faili litakuwa kubwa zaidi. Hapo hakuna ujanja.

mtandao_bila_bando

Tuje kwenye kugawa. Kila mtu akishusha MB 900, darasa linakula GB 162. Mkibana hadi MB 90 kila mtu akajishushia, ni GB 16.2. Akishusha mmoja tu na wengine wakapokea simu kwa simu, bando linalotumika ni MB 90 za huyo mmoja.

Tumieni LocalSend. Ni ya bure, iko Android, iPhone, Windows na Linux, na haihitaji intaneti, inahitaji vifaa viwe kwenye Wi-Fi moja. Asiyetaka kuiweka anaweza kufungua kiungo kwenye brauza yake: anayetuma achague kutuma kwa kiungo.

Inapokwama ni hapa. Wi-Fi nyingi za vyuo zimewekwa ili vifaa visionane, kwa hiyo LocalSend itaonyesha orodha tupu hata kama wote mmeunganishwa. Washeni hotispoti ya simu. Kabla ya kuiwasha, mwenye simu azime data, la sivyo simu za wenzake zitaanza kusasisha programu kwa bando lake. Simu zinazopokea zitauliza kama zibaki kwenye mtandao usio na intaneti. Mkubali kubaki, vinginevyo zinahama kimyakimya na faili linakatika katikati.

Hotispoti ya simu kwa kawaida hupokea vifaa 8 hadi 10, kwa hiyo msisubiri mtu mmoja awahudumie 180. Kila aliyepokea amtumie mwingine mmoja: 1, 2, 4, 8, 16... raundi ya nane inafika 256. Mwisho linganisheni ukubwa wa faili kwa baiti. Lililopungua limekatika, lifutwe.

Flashi: virusi vile kwa kawaida havifuti kitu, vinaficha mafaili na kuweka shotikati badala yake. Usizibofye. Kwenye Windows fungua cmd, kama flashi ni E andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yakionekana yahamishe, kisha fomati flashi kwa mfumo wa mafaili wa exFAT. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Na flashi ya kwenda nayo steshenari iwe na PDF za kuprinti tu.

CR_mwaka2

Shukrani sana wakuu. Faili limetoka MB 82 na fomula zinasomeka, ila kuanzia katikati sauti inatangulia picha. Na je, nikiliweka WhatsApp halitabanwa tena?

fundi_wa_faili

Sauti ya rekodi ina mapengo, hasa kama kompyuta ilielemewa wakati wa kurekodi. Ongeza -af aresample=async=1 kabla ya -c:a, inajaza mapengo kwa ukimya. Anza upya na faili la asili, usibane lililokwisha kubanwa. WhatsApp tuma kama hati, siyo kama video. Hati haiguswi, na kikomo chake ni GB 2.

dawati_la_maktaba

WhatsApp ibaki ya matangazo. Ukirudi kwenye faili la zamani ambalo hukulishusha, unaambiwa umwombe aliyetuma alitume tena. Ghala fungueni chaneli ya Telegram: viongozi tu ndio wanaopandisha, anayejiunga wiki ya kumi anaona ya wiki ya kwanza, na kuna kutafuta kwa jina. Kila mtu azime kushusha kiotomatiki.

Jina la faili liwe na msimbo wa kozi, wiki, mada na toleo: ST201_W03_uwezekano_v2. Andikeni W03, siyo W3, la sivyo wiki ya 10 inaweza kupangwa kabla ya wiki ya 2. Mpigeni mhadhiri hodi kwanza. Rekodi ni kazi yake, na kuiweka kwenye chaneli ya wazi bila ruhusa ni kutafuta ugomvi.

Vitabu vizima vilivyoskaniwa msiviweke. Kwa takwimu, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, wana kitabu cha utangulizi ambacho leseni yake inaruhusu kunakili na kugawa ilimradi utaje chanzo. PDF moja, mnaisambaza kwa LocalSend kama video.

Kwa makala, anzeni na AJOL (African Journals Online), ambako kuna majarida mengi ya Afrika ya kusoma bure. Kisha ulizeni maktaba kama chuo kimesajiliwa Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi za kipato cha chini makala za kitaaluma bure au kwa bei ndogo. Usajili ni wa taasisi, hamjisajili mmoja mmoja. Nywila mtakayopewa isionekane kwenye grupu: ikivuja na watu wakashusha makala kwa mamia, chuo kizima kinaweza kufungiwa. Anayehitaji makala achukue kiungo chake cha DOI (namba ya kudumu ya makala), aingie kwa akaunti ya maktaba, ashushe hiyo moja.

Past paper za picha za simu zigeuzeni PDF ya rangi ya kijivu kwa dpi (nukta kwa inchi) 150 hadi 200. Maandishi yanasomeka, na ukurasa hauna haja ya kubeba MB 4.