San Pedro, peyote au mbegu: ninunue ipi kabla mwezi haujaisha?

MibaYetu
Habari zenu wakuu. Nimefuga kaktasi za kawaida kwa muda, sasa nataka zile zenye historia, zile ambazo watu wa Andes na Mexico wamezitumia kwenye ibada tangu enzi za mababu zao. Kinachonivuta ni kemia: kwamba mmea uliotulia juani unaweza kutengeneza meskalini, kemikali inayomfanya mtu aone maono, ndani ya nyama yake ya kijani. Nina njia tatu. Muuza maua wa barabarani ana kipande cha San Pedro, anataka elfu moja mia tano. Jamaa wa Nairobi ana peyote changa iliyounganishwa juu ya shina la kaktasi nyingine, elfu tatu na nusu. Au niagize mbegu ng'ambo, bei rahisi lakini ni kungoja. Nataka kulipa kabla mwezi haujaisha. Nishaurini.

DalaMamboleo
Ndugu, uko wapi? Zitakaa chini ya paa au mvuani? Una udongo gani? Huku Kisumu nje kidogo kuelekea Kano udongo mweusi unashika maji wiki nzima, kaktasi inaoza kuanzia chini huku juu bado inang'aa. Bila hayo tunakisia tu.

MibaYetu
Niko Nakuru.

DalaMamboleo
Nakuru ni kubwa. Na paa je?

Mwalimu_Njoro
Kama ni Nakuru, mimi nasema San Pedro, sina hata la kufikiria. Kwao ni milima ya Ecuador na Peru, mita 2,000 hadi 3,000 hivi. Mji wenu uko karibu mita 1,850, usiku una baridi yake, na yale mawe mepesi ya volkeno yanapatikana kwa debe. Changanya nusu mawe, nusu udongo wa kawaida, basi. Ikikolea inaweza kupanda sentimita 30 kwa mwaka. Peyote ni jambo jingine kabisa. Ikipandwa kwa mbegu inachukua miaka mingi kabla ya kuchanua, ndiyo maana watu wanaiunganisha juu ya kaktasi yenye nguvu. Lakini ikiunganishwa inavimba, inapoteza lile umbo bapa la kijivu-buluu ambalo ndilo zuri lake.

MamaMiche_Kakamega
Kabla hujatoa pesa, mwanangu, nisikilize. Mwaka jana niliuziwa "San Pedro" kando ya barabara kuu. Shina refu, mbavu zake safi, muuzaji akaapa ni yenyewe, ametoa kwa mzungu aliyehama. Nikaileta nyumbani, nikamwambia mpwa wangu aikate vipande viwili, kila kimoja kikauke kidonda kabla ya kupandwa. Kisu kilipoingia tu, maziwa meupe yakaruka. Sio kuchuruzika, kuruka! Tone moja likamwingia mtoto jichoni. Alipiga yowe hadi majirani wakaja. Tuliosha jicho kwa maji safi muda mrefu, tukapanda boda hadi hospitali. Jicho lilivimba likafunga, akalala gizani siku kadhaa maana mwanga ulikuwa unamchoma. Mungu ni mwema, anaona vizuri sasa. Kumbe ule ulikuwa mti wa bondo, ule ule uliojaa kule msituni Ziwa Nakuru. Nilipomrudia muuzaji akaniambia, "Mama, si yote ni kaktasi?" Hapana. Bondo ni wa Afrika na utomvu wake ni sumu. San Pedro ukiikata inatoa ute mng'avu unaoteleza, maziwa haina.

DalaMamboleo
Pole sana mama. Kwetu kila mtoto anajua kwamba uzio wa ojuok, mmea wenye maziwa kama hayo, haukatwi ovyo kwa sababu hiyo hiyo. Ila kuna kaktasi halisi za jamii ya Mammillaria zenye maziwa. Kwa hiyo maziwa peke yake hayatoshi kusema si kaktasi.

MamaMiche_Kakamega
Hizo ni viduara vya kwenye kikopo. Kijana anauziwa shina refu. Likitoa maziwa, aliache hapo hapo.

Mwalimu_Njoro
Mama yuko sawa. Na kuna mtego wa pili. Hata ikiwa kaktasi kweli, mara nyingi ni Cereus, ile ya mapambo. Watu wanaiita "peruvianus", na kwa kuwa kuna Trichocereus peruvianus pia, jamaa ya San Pedro, majina yanagongana. Tazama mbavu. Za Cereus ni nyembamba na zimesimama kama ubao. Za San Pedro ni nene, za mviringo, mara nyingi 6 hadi 8, na juu ya kila kituo cha miiba kuna mkunjo mdogo wenye umbo la V. Zikichanua, zote mbili hutoa ua kubwa jeupe la usiku, lakini shingo ya ua la San Pedro ina manyoya na ya Cereus ni laini. Muombe muuzaji picha ya karibu, aiweke hapa.

Jaribio254
Sawa, tuache maua. Mimi nina vifaa kidogo nyumbani. Nani anajua namna ya kuitoa hiyo meskalini?

Mwalimu_Njoro
Hapana, kijana wangu. Meskalini imo kwenye Orodha ya Kwanza ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, na sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994 haina mzaha. Vimiminika vinavyowaka kwenye chumba kimoja na jiko vimeunguza nyumba. Arthur Heffter aliitenga mwaka 1897 na Ernst Späth akaiunda upya maabara mwaka 1919. Hiyo kazi imekwisha kufanywa. Ukipenda kemia ya mimea, anza na rangi. Tengeneza maji ya rosela, gawanya vikombe viwili, kimoja tia limau, kingine magadi. Kisha fanya vivyo hivyo na tunda jekundu la dungusi. Rosela itageuka mbele ya macho yako. Dungusi itang'ang'ania wekundu wake, kwa sababu rangi yake ni betalaini, na rosela ni antosiani. Ukizidisha sana magadi, hata ya dungusi huenda ikaelekea njano. Kwa asili, hakuna mmea unaojulikana wenye rangi za aina zote mbili. Miaka yote niliyofundisha, jambo hili bado linanisisimua.

Jaribio254
Nimekuelewa mwalimu. Magadi yale ya kupikia maharagwe?

Mwalimu_Njoro
Hayo hayo.

DalaMamboleo
Turudi kwa peyote. Kwenye orodha ya dunia imewekwa miongoni mwa mimea iliyo hatarini, kule Texas na Mexico wachimbaji wameipunguza sana. Muulize huyo jamaa wa Nairobi ilitoka wapi. Na mbegu au mche wowote wa ng'ambo unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, kabla haujaingia.

MibaYetu
Asanteni. Nimetuma ombi la picha kwa muuza maua. Na hilo la dungusi: ya jirani yangu imejaa vitu vyeupe kama pamba, ukivibonyeza vinatoa damu. Ni ugonjwa?

MamaMiche_Kakamega
Huo ni mdudu wa kochinili. Laikipia wamemwachia kwa makusudi ale dungusi iliyovamia malisho. Na jamaa yake wa karibu ndiye anayetoa rangi nyekundu ya vitambaa.

Jaribio254
Ngoja, rangi ya vitambaa inatoka kwa mdudu kama huyo? Kaka, jirani yako yuko mtaa gani?

DalaMamboleo
Na bado hujasema kama una paa.