Sekondari bila skrini Dodoma: naunga mkono elimu yake, ila si kwa sababu ya skrini

Kuna wazo linazunguka kwa wazazi wa hapa Dodoma: ianzishwe sekondari ya bweni isiyo na skrini hata moja. Simu hakuna, kompyuta hakuna, projekta hakuna. Wanafunzi wasome vitabu vizima, wajifunze sarufi, mantiki na balagha, yaani ufundi wa kushawishi kwa maneno, kama vijana wa Ulaya ya zamani, waghani mashairi kwa kichwa, na anayeweza aongezewe Kilatini. Wanaolitaka wanasema simu zimekula akili za watoto. Wanaolikataa wanasema tunawarudisha watoto gizani wakati dunia inakwenda mbele.

Mimi nafundisha Kiswahili shule ya kata, na elimu ya namna hiyo naitaka kwa moyo wote. Ila naona pande zote mbili zimeng'ang'ania skrini, na skrini ndiyo sehemu ndogo kabisa ya jambo hili.

Hebu tazameni shule zetu nyingi za kata, kuanzia Bahi hadi Kongwa. Mwanafunzi kuwa na simu shuleni ni marufuku tangu zamani. Kompyuta, kama ipo, iko ofisini kwa mkuu wa shule, imefunikwa kitambaa. Bila skrini tumeishi miaka yote. Imetupa nini? Mwalimu anaandika notisi ubaoni, darasa linanakili, na mtihani ukikaribia watoto wanakremu majibu ya mitihani iliyopita. Wengi wanamaliza kidato cha nne hawajasoma kitabu kimoja mwanzo hadi mwisho; hata riwaya za fasihi wanazijua kwa mihtasari ya tuisheni. Ukiondoa skrini mahali ambapo haikuwepo, hujabadilisha kitu.

Muhula uliopita nilikuwa jaji kwenye mdahalo wa kidato cha pili. Mada ilikuwa ile ya miaka yote: mkulima ni bora kuliko daktari. Lugha, Kiingereza. Binti mmoja akasimama, akamsalimu mwenyekiti, majaji na mtunza muda kwa maneno yaleyale aliyotumia aliyemtangulia, akatoa hoja tatu alizokariri, akageuka kwenda kukaa. Mpinzani akamuuliza: mkulima akiugua, atatibiwa na nani? Binti akakwama. Midomo inacheza, sauti haitoki. Nikamwomba mwenyekiti amruhusu ajibu kwa Kiswahili.

Akasema: "Atatibiwa na daktari. Na daktari anakula mtama wa nani? Mvua zilipogoma, baba aliuza mbuzi wawili ndipo akatibiwa. Asingekuwa na mbuzi, daktari angekuwepo na baba angekufa. Kwa hiyo swali lako limenisaidia mimi."

Darasa zima likalipuka kwa makofi. Aliikubali hoja ya mpinzani, akaigeuza, akaifanya imtumikie yeye. Hiyo ndiyo mantiki na balagha ambayo wazazi wanataka kuilipia ada. Yule binti anayo tayari. Kinachomfungia mlango ni lugha ya darasani, na Sera ya Elimu, toleo la 2023, imekiacha Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Sisemi Kiingereza kiachwe. Kifundishwe tena vizuri kuliko sasa. Nasema mtoto ajifunze kujenga hoja kwa lugha anayofikiria nayo, halafu ahamie nayo kwingine.

Na wanaotaka Kilatini, nawauliza kwa heshima: Mathias Mnyampala mmemweka wapi? Huyu ni mwana wa Ugogo, aliyezaliwa 1917 na kufariki 1969, na ndiye aliyeikuza ngonjera, ushairi ambao watu wawili wanabishana beti kwa beti, huyu anadai, yule anakanusha, mpaka mmoja akubali kuwa ameshawishika. Watoto wa Dodoma wana shule ya majadiliano iliyotoka kwenye ardhi yao, na sisi tumeibakiza kuwa burudani ya kumpokea mgeni rasmi.

Mwalimu Nyerere naye alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, na *Juliasi Kaizari* kinafundishika hata kidato cha pili. Chukueni pale Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, na Antony, rafiki wa Kaizari, wanapohutubia umati uleule kuhusu kifo hicho. Darasa lisome hotuba ya Brutus tu, mfunge kitabu, lipige kura: alifanya haki kuua? Kisha msome ya Antony, mpige kura tena. Kazi ya nyumbani: kila mmoja atafute mstari uliomgeuza, na aeleze ulimgeuza vipi. Nakala chache zinatosha, chaki, na mwalimu anayejua kunyamaza.

Mtasema darasa lina watoto 70. Ni kweli, na ndiyo hoja nzito kuliko zote mlizoleta. Kujadiliana kwa makundi kunawezekana. Kusahihisha insha 70 kila wiki hakuwezekani. Insha moja kwa wiki mbili, rasimu ya kwanza wasahihishane wenyewe, nadhani tunaweza.

Turudi kwenye skrini. Ufaransa ilipiga simu marufuku mashuleni kwa sheria ya 2018, na Sweden mwaka 2023 ilianza kurudisha vitabu vya karatasi madarasani. Katika matokeo ya 2022 ya PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, kwenye nchi za OECD, ambazo nyingi ni tajiri, wastani wa asilimia 65 ya wanafunzi walisema vifaa vya kidijitali huwatoa kwenye somo angalau katika baadhi ya vipindi vya hisabati. Wana haki ya kuogopa, watoto wao wamezama humo. Wa kwetu wanaanza kuzama wakiwa likizo, na simu mkononi mwa mwanafunzi darasani siitaki hata mimi.

Lakini marufuku ya kila skrini itamuumiza nani? Fikirieni mtoto asiyeona aliyemaliza Buigiri, shule ya msingi ya wasioona hapa mkoani, akaingia sekondari ambayo haina vitabu vya nukta nundu vya kutosha. Kompyuta inayomsomea kwa sauti ndiyo kitabu chake. Fikirieni pia mwalimu aliye mbali na maktaba ya mkoa, mwenye kishikwambi kati ya vile vilivyogawiwa baada ya Sensa ya 2022, anayefungulia humo vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu. Mkimnyang'anya, mtampa nini?

Ninachohofia zaidi ni wazo hili kuishia kuwa shule moja ya ada kubwa, ambapo watoto wachache wanafundishwa kuhoji, na wale wa kata wanaendelea kunakili. Halihitaji shule mpya. Linahitaji vipindi viwili kwa wiki ndani ya shule zilizopo.

Walimu wa lugha na historia wa Chamwino, Mpwapwa na Kondoa, nataka kuwasikia ninyi kwanza: mkipewa vipindi hivyo viwili muhula ujao, mngeanza na kitabu gani, na mngeondoa nini kwenye ratiba ili vipatikane?