Tangu lini tunacheza tukimtazama DJ badala ya kutazamana?

kiatu_bapa ameuliza:

Wakuu, habari za wikendi. Kuna jambo linanikereketa tangu Jumamosi, na ningependa kusikia kutoka kwa wale wanaoingia klabu kwa ajili ya kucheza hasa.

Mimi ni mchezaji. Sijasomea wala sina kundi, ila tangu nina miaka kumi na tisa hadi leo nina arobaini na moja, nikielemewa na mambo natafuta mahali penye spika nzuri na sakafu ya mbao. Navaa viatu bapa, mkoba naacha nyumbani, ufunguo naufunga kwenye kamba ya kiatu. Nacheza saa tatu, nne, natoka nimelowa chapachapa, nikifika nalala fofofo.

Jumamosi alialikwa DJ mkubwa. Simtaji, kwa sababu shida si yake. Kuanzia saa nne usiku uwanja ulikuwa umenoga. Watu si wengi, kila mmoja ana nafasi yake. Kulikuwa na mzee mmoja wa shati la mistari, anacheza kwa mabega tu, miguu haitoki pale ilipo, na bado huwezi kumwondolea macho. Mimi nikajikuta napokezana hatua na dada mmoja aliyejifunga kitambaa cha njano kichwani. Anatoa moja, namjibu. Natoa yangu, anaigeuza na kunirudishia. Hatukusemeshana hata neno. Alikuwa na hatua moja ya kisigino, anakiburuta nyuma ya mdundo kidogo halafu anaufukuzia, ikanishinda kabisa. Nilikuwa bado naitafuta ilipofika saa saba kasoro robo na mkubwa akapanda.

Uwanja mzima uligeuka, na mbele yangu nikabaki na migongo mitupu. Simu zikainuliwa, watu wakasukumana kwenda mbele, na dada wa kitambaa akazolewa na wimbi hilo nikampoteza. Nikasema potelea mbali, nitacheza peke yangu. Dakika mbili hazijaisha, kijana nyuma yangu akanigonga begani: "Shangazi, simama kidogo, unanitikisia video."

Yaani nisicheze, tena kwenye uwanja wa kuchezea, kwa sababu namharibia mtu picha. Na kinachoniuma hadi leo ni kwamba nilimtii. Nilisimama kama mlingoti wimbo mzima, kisha nikaenda zangu nyumbani.

Naomba mnisaidie. Adabu za uwanjani siku hizi ni zipi? Na huku kumwangalia DJ kama nabii aliyeshuka mlimani kumeanzia wapi? Nauliza kwa moyo mmoja, sitafuti ugomvi na vijana.

---

jasho_la_usiku amejibu:

Shikamoo dada. Mimi ni rika la huyo kijana, nina miaka 22, na kwanza nakuomba radhi kwa niaba yake. Kumwambia mtu asicheze ni kosa, halina utetezi.

Lakini nitetee kidogo kutazama mbele. Mimi najifunza kupiga, na karibu yote ninayoyajua nimeyapata kwa kuangalia mikono. Ukiwa karibu unaona anavyoshusha besi ya wimbo unaotoka kabla hajaipandisha ya wimbo unaoingia, maana besi mbili zikikutana zinakorogana. Unaona anavyogusa ukingo wa sahani inayozungusha santuri kwa ncha ya kidole kuuchelewesha mdundo hata nusu ya nusu. Ule ni ufundi, na fundi anatazamwa.

Halafu kuna jambo ambalo huenda watu wa rika lako hamlioni. Sisi tuliijua klabu kupitia skrini kabla hatujaruhusiwa kuingia. Boiler Room, wale wanaorusha mtandaoni video za ma-DJ wakipiga, ilianza London mwaka 2010 kwa kamera ya kompyuta tu: DJ anaielekea kamera, wachezaji wako nyuma yake. Nimetazama mamia ya hizo video nikiwa chumbani kwangu. Katika kila moja DJ ndiye aliye katikati ya picha. Nilipoingia klabu mara ya kwanza, macho yangu yalikwenda palepale yalipozoea, hakuna aliyenifundisha.

---

sahani_mbili amejibu:

Dada kiatu_bapa, pole. Huu ni mwaka wangu wa kumi na sita wa kupiga muziki, na mara nyingi mimi ndiye natangulia, yaani nafungua uwanja kabla ya mgeni mkubwa kupanda. Kwa hiyo huko kugeuka unakosema nakujua vizuri, nakuona nikiwa nakunja nyaya zangu.

Nikueleze hali ilivyo upande huu wa meza. Ninapotafuta wimbo unaofuata siangalii nyuso, naangalia miguu na mabega. Mtu akianza kuhamisha uzito kutoka kisiginoni kwenda vidoleni, wimbo umemwingia. Akianza kuangaza macho huku na huku, nimempoteza, na nina kama dakika moja na nusu kumrudisha. Huyo mzee wa shati la mistari ni mali kwangu kuliko watu hamsini wanaopiga kelele, kwa sababu mabega yake hayasemi uongo.

Sasa simu zikiinuka, hayo yote yanapotea. Taa zake zinanipiga machoni, nyuma yake naona giza. Anayerekodi lazima atulie, kwa hiyo uwanja unatulia. Na waliotulia wanaamshwa na kitu kimoja tu, ule mkato: ngoma zinazimwa, sauti inapanda, inapanda, kimya, kisha besi inaanguka. Mikono juu, mayowe, video imepatikana. Baada ya dakika nne unawapa tena. Kuna mwaka mzima nilipiga hivyo, nawaambia ukweli. Sijawahi kupata mialiko mingi kama mwaka ule, na sikumbuki kuona mtu akicheza dakika kumi mfululizo. Nilikuwa nikirudi nyumbani mikono inatetemeka kwa hasira na sijui namkasirikia nani.

Wanaodhani DJ ndiye chanzo cha kila kitu wakumbuke hip hop ilikotoka. Tarehe 11 Agosti 1973, pale Bronx, New York, DJ Kool Herc alipiga kwenye sherehe iliyoandaliwa na dada yake. Alikuwa ameshabaini kwamba wachezaji wanangojea kile kipande ambacho kila kitu kinanyamaza zinabaki ngoma tupu, ndipo wanajitupa uwanjani. Kipande chenyewe sekunde chache. Akawa anatumia santuri mbili za wimbo uleule: hii ikimaliza kile kipande, ile inakianza. Hakuyaota hayo chumbani, aliyasoma miguuni mwa watu.

Na kwa kuwa tunazungumzia adabu: mkiona DJ ameinamisha shingo, sikio moja limebanwa kwenye hedifoni, msimguse. Hapo anasikiliza nyimbo mbili kwa wakati mmoja, mmoja unatoka nje na mwingine uko sikioni mwake peke yake. Huo ndio wakati ambao kila mara mtu huninyooshea simu yenye mwanga kama jua, imeandikwa jina la wimbo, na glasi yake anaiweka juu ya mikisa, mashine ninayochanganyia nyimbo. Subiri nikiinua kichwa, njoo na ombi lako, nitakusikiliza kwa furaha.

---

fundi_spika amejibu:

Naongezea la sauti, kwa sababu wanaosongamana mbele wanajipunja wenyewe.

Kumbi nyingi zina spika kuu mbili, kushoto na kulia kwa DJ, zimeelekezwa uwanjani. Ukijibana katikati chini ya meza, sauti za juu zinakupita pembeni na kichwani. Kinachobaki ni besi tupu inayokusukuma kifua. Pima umbali kati ya spika moja na nyingine, kisha rudi nyuma umbali huohuo ukiwa katikati. Hapo ndipo muziki unakutana, unasikia hadi kucha za mpiga gitaa. Nenda kaangalie watu wazima wanacheza wapi, utawakuta hapo. Na kipaza sauti cha simu hakistahimili besi ya klabu, kwa hiyo nyingi ya hizo video zinatoa mkwaruzo tu.

Masikio nayo yatunzwe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kumbi za burudani: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, na kuwe na sehemu tulivu ya kupumzishia masikio. Ukitoka nje na masikio yanalia nziii, yameshaumia. Vizibo vya masikio vinaenea mfukoni.

Kuhusu unabii: kuna mtu aliyeukataa kabisa. David Mancuso alianza kualika watu nyumbani kwake New York mwezi Februari 1970, sehemu iliyokuja kuitwa The Loft. Hakuuza pombe. Spika alizitunza kama watu wanavyotunza watoto. Baadaye akaacha hata kuunganisha nyimbo, akawa anapiga kila wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho wake, jinsi waliourekodi walivyoutaka. Hakupenda kuitwa DJ. Alijiita mwenyeji wa muziki. Mimi neno hilo nimelishika: mwenyeji kazi yake ni kuangalia kama wageni wamekaa vizuri, siyo wageni wamkodolee yeye macho.

---

jasho_la_usiku amejibu:

Fundi, nakubali, ila tusiseme mapenzi kwa ma-DJ yameanza na sisi. Klabu ya Paradise Garage, hukohuko New York, kuanzia 1977 hadi ilipofungwa 1987, DJ wake Larry Levan alipendwa hadi watu wakaziita zile usiku Misa ya Jumamosi. Inasimuliwa alikuwa anaweza kuacha kupiga, akapanda ngazi kufuta vumbi kwenye mipira ya vioo ya darini, uwanja mzima ukimngoja ashuke. Na walimngoja.

---

mpita_pembeni amejibu:

Mimi si mwandishi, ila nimefanya kazi ya mlangoni na ndani kwa miaka mingi, ugomvi wote unaanza na vitu vidogo.

Kupita: zunguka pembeni. Ikikulazimu kukatiza katikati, tanguliza kiganja kilicho wazi, gusa bega kidogo, pita. Kiuno cha mtu hakishikwi, hata kama umekuja kupita tu. Glasi ibaki kaunta. Ikivunjika uwanjani kuna mtu amevua viatu. Mazungumzo marefu peleka nje, watu wanne wakisimama duara kupiga soga wanaziba nafasi ya wachezaji kumi. Na ukitaka kucheza na mtu, simama mbele yake mahali anapokuona, cheza ukiwa mbali kidogo. Akikusogelea, vizuri. Akikupa mgongo, umeshajibiwa, usingojee aseme.

La simu, klabu ya Berghain kule Berlin walilimaliza mlangoni: kila kamera inabandikwa stika. Kumbi zetu zikiamua zinaweza. Sisi tulijaribu wiki chache, wateja wawili watatu wakalalamika kila usiku, bosi akaacha. Mimi nilisikitika, kwa sababu wiki zile kazi ilikuwa nyepesi.

---

kiatu_bapa amejibu:

Wakuu, asanteni sana, nimesoma kila neno. Nimerudi juzi usiku, nawaletea majibu.

Nilifuata hesabu ya fundi. Nilihesabu hatua kutoka spika moja hadi nyingine, zikawa kumi na moja, nikarudi nyuma kumi na moja. Ni kweli tupu! Kuna wimbo nimeucheza miaka na miaka, juzi ndiyo nimesikia kwamba kuna mtu anatikisa kayamba kwa mbali nyuma ya sauti ya mwimbaji. Na mzee wa shati la mistari alikuwa palepale, hatua mbili kutoka kwangu, safari hii shati la bluu.

DJ alipobadilishwa watu waligeuka kama kawaida. Mimi sikugeuka. Kijana mmoja akainua simu karibu yangu, moyo ukaanza kunidunda, nikakumbuka nilivyotii mara ile. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi hapa nitacheza, sitasimama. Ila rudi hatua mbili usikilize, sauti iko huku." Akaniangalia, akarudi kweli. Akacheza nyimbo mbili, simu mfukoni, anacheza vizuri mtoto yule. Kisha akaenda mbele kwa wenzake.

Jasho_la_usiku, mdogo wangu, umenifungua macho kuhusu skrini, sikuwahi kulifikiria hilo. Na la Levan umesema kweli. Ila hao waliomngoja afute vioo, akishuka walikuwa wanacheza mpaka asubuhi. Kumpenda mtu kwa namna hiyo sina ugomvi nako, hata mimi ningengoja.

Dada wa kitambaa cha njano sikumwona. Nilimtafuta kwenye kaunta, kwenye ngazi, hata nje. Ikiwa unasoma hapa: ile hatua ya kisigino nimeipata, siri yake iko kwenye goti. Jumamosi nitakuwa palepale, hatua kumi na moja nyuma.