Ufunuo wa Yohana: mbona tunaufundisha kwa kutishana?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naleta hoja, tuijadili kwa Maandiko.

Makanisani kwetu Ufunuo unafunguliwa likizuka jambo jipya la serikali au la teknolojia. Kenya ilipoandikisha watu kwa Huduma Namba, namba moja ya utambulisho ya serikali, mwaka 2019, wapo walioikimbia wakisema ndiyo 666, ile namba ya mnyama katika Ufunuo. Ikaja chanjo ya korona, maneno yakawa yaleyale. Waumini wanatoka ibadani na hofu kuliko waliyoingia nayo.

Mimi nasema huko ni kukipindua kitabu. Yohana, akiwa kisiwani Patmo, aliwaandikia Wakristo wa makanisa saba katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Wasomi wengi wanakadiria mwaka 95 hivi, enzi za Kaisari Domitian. Katika kanisa la Pergamo, muumini Antipa alishauawa. Smirna wanaambiwa baadhi yao watatupwa gerezani. Soma 6:6: kibaba cha ngano kwa dinari moja, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa nzima. Mama anayenunua unga wa kupima haelezwi mstari huo mara mbili.

Watu hao ndio wanaopewa mlango wa 5. Yohana anaambiwa Simba wa Yuda ameshinda. Anapotazama, anaona Mwana-Kondoo amesimama, kana kwamba amechinjwa. Kwangu kitabu chote kimebebwa hapo: aliyeuawa ndiye anayekifungua kitabu cha mihuri saba, wala si Kaisari. Na waliochinjwa kwa ajili ya neno wanapolia "Hata lini?" hawakemewi. Wanapewa kanzu nyeupe.

Wengine mtaniuliza, je, unakana unabii? Hasha. Kristo anarudi na hukumu ipo. Tena mlango wa 18 ni mkali: wafanyabiashara wanalilia shehena za Babeli, dhahabu, divai, farasi, mpaka roho za wanadamu. Anayetajirika kwa jasho la wenzake aogope, ana sababu. Lakini mjane anayeng'ang'ana na imani yake, kwa nini tumtishe na namba ya kitambulisho?

Mnaofundisha kwamba chipu ya kuwekwa mwilini ndiyo 666, nijibuni hili. Mlango wa 13 unaishia kwenye 666. Mstari unaofuata, 14:1, unaonyesha watu walioandikwa jina la Mwana-Kondoo na la Baba yake katika vipaji vya nyuso zao. Mbona mahubiri yenu hukoma mstari mmoja kabla?