Tetekuwanga: mwanangu nimpeleke kituo cha chekechea, nikae naye, au nimwachie wifi? (Kigoma)

MamaSele_Kibirizi
Habari za jioni wapendwa. Mwanangu ana miaka mitatu na nusu. Jana vijipele vilimtoka tumboni na mgongoni, leo vimejaa maji. Wakubwa hapa nyumbani wanasema tetekuwanga. Homa si kali, anakula, anakimbiza kuku wa watu. Ndiyo maana nawaza.

Mimi naanika dagaa. Giza la mwezi ndiyo kwanza limeingia, mitumbwi inarudi imejaa, na mbalamwezi yote nilikaa bila kushika hela. Nikizikosa siku hizi nasubiri mwezi ujao. Naona njia nne. Nimpeleke kituoni kwa shati la mikono mirefu (najua mtanisema). Nikae naye. Nimwachie wifi yangu kule Gungu, yupo nyumbani tu. Au niende naye mwaloni, ufukweni tunakoanika, akae chini ya turubai. Kituo nimeshalipia mwezi mzima na hawarudishi.

BintiUjiji
Mikono mirefu kwa joto hili? Kituo cha mwanangu kuna mama alifanya hivyohivyo, akasema mtoto kaumwa na mbu. Wiki mbili baadaye vipele chumba kizima, na wangu akiwemo. Aliyekosa kazi ni mimi, yeye alishavuka. Sijamsahau.

MzeeWaReli
Zamani mmoja akiugua tulilazwa wote mkeka mmoja, tupate tumalize. Siku hizi mnadekeza watoto.

NesiMstaafu
Shikamoo mzee. Mkeka ulifaa wengi, ila si wote waliolazwa juu yake waliamka salama.

Mama Sele, tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla kipele hakijaonekana. Kwa hiyo kituoni imeshafika, lakini hiyo si ruhusa ya kuipeleka tena. Subiri malengelenge yote yakauke yawe magamba, kwa kawaida siku 5 hadi 7 tangu vipele vianze. Kucheza kwake na homa kushuka si kipimo. Wapigie simu leo, maana atakayeambukizwa huonyesha kati ya siku 10 na 21, wazazi wajue cha kutazamia. Na msiseme "alichanjwa". Ile ya miezi 9 na 18 ni ya surua na rubela, ya tetekuwanga haimo kwenye ratiba ya kliniki zetu.

Kata kucha, mwogeshe kama kawaida (kumwacha na jasho siku saba ni kumtesa), parasetamoli kama ana homa, ASPIRINI HAPANA. Akilegea, akihema kwa shida au vipele vikitunga usaha, muwahishe hospitali.

Swali: wifi ana mimba?

MamaSele_Kibirizi
Eeh, miezi saba. Umejuaje?

NesiMstaafu
Sikujua, huwa nauliza tu. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga anaweza kupata nimonia mbaya, na ikimpata karibu na kujifungua kichanga kinakuwa hatarini. Gungu tuifute. Mmeonana naye juzijuzi?

MamaSele_Kibirizi
Jumapili tulishinda kwake. Sele alilala mapajani mwake 😢

NesiMstaafu
Basi kesho asubuhi aende kliniki aeleze hivyohivyo, asisubiri kipele. Na amuulize mama yake kama aliwahi kuugua utotoni.

MleziWaChekechea
Naendesha kituo, si hicho chenu. Mafua bila homa tunapokea, tukikataa kila kamasi tutafunga milango. Kuhara, hadi zipite siku mbili bila kuharisha. Surua, siku nne baada ya vipele kutoka. Macho mekundu yenye tongotongo, kwanza aonwe na daktari. Kinachotuumiza ni parasetamoli ya asubuhi. Mtoto anapewa saa kumi na mbili, anafika kapoa, saa tano anawaka na simu ya mama haipatikani. Hapo ameshakula sahani moja na wenzake.

Kuhusu ada, omba wakuhamishie hizo siku mwezi ujao. Wengine tunakubali, ila hatutangazi.

KaraniWaMwanga
Wenye ajira tuna siku 4 za malipo mtoto akiugua, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ila ni 4 katika mzunguko wa miezi 36! Wangu huzimaliza masika moja. Na mwanika dagaa hata hizo hana.

DadaWaKatonga
Mwaloni usimpeleke. Jua, moshi, na wachanga wamejaa migongoni mwa mama zao. Sisi tulifanya zamu. Tafuta mwenzio ambaye yeye na wanawe walishaugua. Yeye abaki na Sele, wewe umwanikie na za kwake. Dagaa hawajui nani kawageuza.

MamaSele_Kibirizi
Narudi baada ya siku tatu. Nimempata mama wa chumba cha pili, wanawe walishaugua wote. Nimepoteza siku moja tu, ile ya kwanza. Wifi alienda kliniki, na mama yake anakumbuka walimwogesha mwarobaini akiwa darasa la pili, akabaki na kovu kwenye paji la uso. Nimepumua.

Ila kituo kimenipigia, watoto wawili wametoka vipele leo, na wazazi wanasema nimewaletea mimi.

NesiMstaafu
Leo? Hesabu hizo siku. Kama ni Sele, wasingeanza kabla ya wiki ijayo. Sele na hao wawili wamechota kisima kimoja, kama wiki mbili nyuma.

BintiUjiji
Uliza nani aliumwa na mbu.

MamaSele_Kibirizi
Weee. Kuna mmoja alikuja kapakwa poda usoni hadi shingoni. Mama yake alisema ni joto.